Kutafuta Transfoma ya Pete

Watu wengi wa vijijini siku hizi wanalijua neno transfoma. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi yake mwaka 2007, nguzo zimesimikwa hata pembezoni mwa mashamba ya ulezi, na juu ya baadhi yake kumefungwa sanduku la kijivu ambalo usiku wa kimya husikika likivuma. Hiyo ndiyo transfoma. Kazi yake si kuzaa umeme, wala si kuutunza, bali ni kuubadili msukumo wake. Umeme upitao juu katika nyaya za njia kuu huwa na volti 33,000 au 11,000, nao ungemwua mtu kabla hajajua kilichompata. Ukiisha kupita katika sanduku lile hutoka na volti 230, ndizo zifaazo taa na pasi zetu. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa ndani ya mashine ya kukuza sauti, ile tuiitayo amplifaya, mna transfoma nyingine ndogo ifanyayo kazi ile ile mara ya pili. Habari za hiyo ndogo ndizo tutakazozieleza, maana ilitugharimu safari nyingi kuliko tulivyotazamia.

Kigango chetu hapa Mwazye hakina padre wa kukaa. Jumapili nyingi ibada huongozwa na katekista, mzee aliyewafundisha sala zao nusu ya watu waketio mbele yake. Sauti yake imekwisha kupungua. Mashine tuliyokuwa nayo ilivuma mvumo mzito kama nyuki waliofungiwa mzingani, tangu inapowashwa hata inapozimwa. Kijana mwenye kifua aweza kuushinda mvumo wa namna hiyo. Mzee asemaye polepole hufunikwa nao kabisa. Akina mama wenye watoto wachanga, ambao kwa desturi hukaa nyuma karibu na mlango, walirudi nyumbani hawajui ni Injili ipi iliyosomwa. Tena mashine ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliungua, na hii nayo ikaungua, yote katika muda wa miaka 3, na kila moja ilinunuliwa kwa madebe ya mahindi yaliyotolewa na jumuiya ndogo ndogo. Baraza la kigango lilipotujia likasema, “Mwalimu, wewe umesoma mambo ya umeme, basi tutengenezee,” liliongeza na neno moja: ya tatu ikiungua, watu hawatachanga tena.

Vibao vya kukuza sauti havikutusumbua. Kijipande kiitwacho TDA7294 kinajulikana kwa mafundi wengi, na vibao viwili vilivyokwisha kuunganishwa vilipatikana kwa fedha kidogo. Spika mbili za zamani, za omu 4 kila moja, zilikuwa zingali nzima. Kilichobaki ni chakula cha vibao hivyo, yaani transfoma, dayodi nne, na kapasita kubwa mbili za maikrofaradi 10,000. Dayodi na kapasita twaweza kuzinunua kama chumvi. Transfoma sivyo.

Tulipoifungua mashine iliyoungua tuliona sababu ya mvumo wake. Transfoma yake ilikuwa ya namna ya kawaida, iliyofanywa kwa mabati membamba yaliyokatwa kama herufi E na herufi I, yakapangwa pamoja na kuzungushiwa waya katikati. Namna hii si mbaya, na ni rahisi kutengeneza. Lakini mahali E na I zinapokutana pana mwanya, na hapo usumaku huvuja nje. Waliotengeneza mashine ile waliiweka transfoma shubiri moja tu kutoka mahali waya wa maikrofoni unapoingilia. Usumaku uliovuja ukaingia katika waya ule, na amplifaya, kwa kuwa haijui kuchagua, ikaukuza pamoja na sauti ya katekista.

Transfoma ya pete ni namna nyingine. Moyo wake ni ukanda mrefu wa bati jembamba, uliokunjwa duara kama utepe wa kupimia wa fundi cherehani, pasipo mwanya wo wote. Waya wa shaba huzungushwa juu yake pande zote hata pete yote ifunikwe. Usumaku ukiwa na njia ya duara isiyokatika, hauna haja ya kutoka nje. Uvujao ni kidogo sana. Kwa nguvu ile ile, pete huwa nyepesi na fupi kuliko ya mabati ya E. Ndiyo sababu wapendao sauti safi huitafuta.

Wala pete si uzushi wa juzi. Tarehe 29 Agosti 1831, huko London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma laini, akazungushia waya upande mmoja na waya mwingine upande wa pili, akitenganisha mizunguko kwa kitambaa na uzi, maana waya wenye rangi ya kuzuia umeme kama huu wetu haukuwako. Alipouunganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, ikatulia. Alipoukata, ikatikisika tena. Nyaya hizo mbili hazikugusana hata mahali pamoja. Hiyo pete ingali imehifadhiwa katika Royal Institution. Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, na katika ujana wake alijifunza kazi ya kujalidi vitabu. Alikuwa pia mzee wa kanisa katika dhehebu lake dogo. Miaka 54 baadaye, mwaka 1885, mainjinia watatu wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, Zipernowsky, Bláthy na Déri, walitengeneza transfoma zenye moyo uliofungamana, na baadhi yake zilikuwa za pete. Basi umbo hili ndilo la kwanza kabisa.

Hapa tutapita kando kidogo. Mwana wa mhunzi hawezi kuwa mgeni kwetu Ufipa. Wahenga wetu waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mivuo. Kisha chuma kile wakakisafisha katika tanuru dogo kwa mivuo, ndipo wakakifua kuwa majembe. Mabaki ya malungu yangali yanaonekana katika nyanda zetu. Tuliwauliza wanafunzi wetu kama chuma cha jembe chaweza kufanya moyo wa transfoma. Chaweza, lakini kitapata moto upesi. Chuma cha transfoma hutiwa silikoni kidogo, kama sehemu 3 katika 100, kikapigwa kuwa bati jembamba sana, na kila bati likatengwa na jirani yake, ili umeme usizunguke ndani ya chuma chenyewe na kukipasha moto bure.

Sasa turudi safarini. Kabla ya kutoka nyumbani tuliandika katika karatasi kile tulichokitafuta, maana mtu aendaye dukani bila kipimo huuziwa kile kilichomlalia mwenye duka. Kibao cha TDA7294, kikilisha spika ya omu 4, hupenda volti 27 za upande wa juu na volti 27 za upande wa chini. Umeme utokao katika transfoma ukipita dayodi na kapasita hupanda kwa kuzidishwa mara 1.41, kisha hupoteza karibu volti moja katika dayodi. Basi tulihitaji transfoma yenye kutoa volti 20, sufuri, na volti 20. Kwa vibao viwili tulitaka nguvu ya VA 200 hadi 300. Mwisho tukaandika jambo moja lisilo la hesabu: uzito. Pete ya kweli ya VA 300 huwa na kilo 2 na nusu hivi. Kwa hiyo tulichukua mzani wa ndoano tunaopimia maharage.

Mzani huo ulitufaa siku ya kwanza. Katika duka moja la mjini Sumbawanga, ambalo hatutalitaja, tulionyeshwa transfoma iliyobandikwa karatasi yenye kusema wati 300. Tuliitundika kwenye ndoano mbele ya mwenye duka: haikufika kilo moja. Chuma na shaba haviwezi kuandikiwa nguvu visivyokuwa nayo. Mwenye duka hakukasirika, alicheka, akasema, “Mwalimu, wewe u mtu wa kwanza kuja na mzani.” Tukaagana kwa amani.

Tukaenda kwa wauza vyuma chakavu. Hapo tuliona pete nzuri, kubwa, inang'aa shaba, na bei yake ndogo. Nasi twaomba kila asomaye hapa atulie kidogo. Pete ile ilitoka katika stabilaiza, kile chombo cha kusawazisha umeme wa friji. Pete za stabilaiza nyingi zina waya mmoja tu, ambao katikati yake umetobolewa mahali pa kutolea umeme. Maana yake, upande wa kutokea umeshikamana na umeme wa nguzo wenyewe. Mtu akiitumia katika amplifaya, volti aweza kuzipata sawasawa na mashine ikalia. Lakini siku moja katekista atashika maikrofoni ya chuma akiwa amesimama juu ya sakafu yenye maji, na tutamzika. Transfoma ya kweli ina nyaya mbili zisizogusana, kama ile ya Faraday, na huko kutogusana ndiko kunakomkinga mtu. Tulimweleza hayo mwuzaji. Akaitenga ile pete na nyingine.

Mtu mwingine alituletea transfoma ya maikrowevu, nzito kweli kweli. Hiyo hutoa volti zipatazo 2,000 pamoja na nguvu ya kutosha kumwua mtu bila kumpa nafasi ya kupiga kelele. Isichezewe na ye yote. Wa tatu alikuwa na transfoma ya inveta ya volti 12, njema kwa kazi yake, si kwa kazi yetu.

Wengine watauliza, mbona hamkuifunga mpya kwa mikono? Wako mafundi wafungao mota za mashine za kusaga, nao huweza kuifunga transfoma ya E bila shida. Lakini pete haina mlango: kila mzunguko wa waya sharti upitishwe tunduni kwa mkono, na upande wa kuingilia una mizunguko zaidi ya 700. Fundi mmoja alitutazama tu, kisha akauliza kama tuna kazi nyingine.

Tuliipata Mbeya, katika likizo ya mwezi wa sita, kwa fundi mmoja mtu mzima mwenye kibanda kilichojaa mizoga ya redio tangu mlangoni hata darini.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, kijana wangu. Unaumwa na nini?”

Tulimwambia. Hakujibu upesi, aliinama chini ya meza, akavuta kwa mguu gamba la amplifaya iliyotoka ng'ambo, lisilo na vibao wala vifungo, na ndani yake pete iliyovikwa utepe wa manjano. Mzani ulisema kilo 2 na gramu 600. Karatasi yake ilikuwa imebanduka, na nyaya zilikuwa saba: nne upande mmoja, tatu upande wa pili.

Nyaya nne za kuingilia ziliashiria jambo jema na jambo la hatari. Mashine nyingi ziletwazo kutoka ng'ambo hazikutengenezwa kwa umeme wetu. Marekani hutumia volti 120 na mitikisiko 60 kwa sekunde. Japani hutumia volti 100. Sisi tuna volti 230 na mitikisiko 50. Pete ya volti 100 pekee ikichomekwa katika soketi yetu huungua papo hapo, na hata ile iliyopimwa kwa mitikisiko 60 tu hupata moto katika 50. Lakini penye nyaya nne, aghalabu mna nyuzi mbili za volti 115 zilizokusudiwa kufungwa sambamba kwa Wamarekani na kwa mfululizo kwa watu wa volti 230. Katika mfululizo sharti mwisho wa uzi wa kwanza ukutane na mwanzo wa uzi wa pili. Zikigeuzwa, usumaku wa mmoja huuzima wa mwenzake, na umeme hupita kama maji yaliyobomoa ukingo.

“Weka globu kwanza,” alisema yule mzee. “Mimi siwashi kitu bila globu.”

Globu aliyoisema ni ya zamani, yenye uzi wa kuwaka, ya wati 100. Hizi za LED hazifai kwa kazi hiyo. Hufungwa katika njia ya umeme kabla ya transfoma. Transfoma ikiwa na kasoro, au nyaya zikiwa zimegeuzwa, globu huwaka sana na hakuna kinachoungua. Ikiwa njema, globu humeta mara moja, kisha hufifia. Mara ya kwanza iliwaka kabisa. Mzee aligeuza waya mbili pasipo kusema neno, akawasha tena: ikameta, ikafa. Alipoitoa globu na kuweka fyuzi, mita ilisoma volti 18, sufuri, na 18. Tukaiacha imewashwa saa nzima huku tukinywa chai. Ilipashika vuguvugu tu, wala haikuvuma. Alitaka shilingi 90,000, tukapatana kwa 70,000. Ilikwenda nasi ndani ya mfuko wa unga, magotini, zaidi ya kilometa 200 za barabara ya Tunduma, kisha hadi Mwazye.

Volti 18 hazikuwa 20. Lakini pete ina fadhila moja ambayo ya E haina, nayo ni kwamba tundu lake li wazi, na mtu aweza kuongeza waya bila kufungua kitu. Wanafunzi wetu walizungusha waya mara 10 kupitia tunduni, wakapima: volti 3.2. Basi kila mzunguko ni volti 0.32, na mizunguko 7 ni volti 2.24. Tulichukua waya wa kawaida wa soketi, wa milimita 2.5 za mraba, tukaongeza mizunguko 7 kila upande. Mita ikasoma 20.2. Mmoja wa wanafunzi alikuwa ameunganisha upande wake kinyume, akapata 15.8 badala yake. Akageuza, ikawa sawa, na darasa zima likaelewa maana ya mwelekeo kuliko tulivyowahi kulielewesha kwa ubao na chaki.

Kuifunga ndani ya sanduku kuna hatari yake ambayo mafundi wengi hawaijui. Pete hushikwa kwa bolti moja ipitayo katikati, na kisahani juu yake. Bolti hiyo ikigusa bamba la chini la sanduku, na kichwa chake kikagusa kifuniko cha juu, imekuwa mzunguko mmoja mnene wa waya uliofungwa mwisho kwa mwisho kupitia sanduku zima. Volti zake ni ile 0.32 tu, lakini njia ni pana mno, na mamia ya ampea hupita humo hata pete iungue. Tuliacha nafasi ya vidole viwili kati ya kichwa cha bolti na kifuniko, na mpira wa tairi la baiskeli chini na juu ya pete.

Pete pia hunywa funda kubwa inapowashwa, kwa muda wa kupepesa jicho. Kwa hiyo tuliweka fyuzi ya namna ya kuchelewa, ya ampea 2.5. Ya kawaida hukatika bure, na mtu aliyechoka kubadili fyuzi mwishowe huweka waya wa chuma, na huo ndio moto wa kanisa. Sanduku la chuma tuliliunganisha na waya wa ardhini.

Umeme wetu haukai mahali pamoja. Tulipima kwa siku 10: mchana mashine ya kusaga inapofanya kazi huwa volti 208, usiku ikizimwa hufika 243. Kwa pete yetu, hata 243 haifikishi kibao kwenye volti 40, ambazo ndizo mwisho wake wa kazi, nazo kapasita zetu ni za volti 50.

Jumapili ya kwanza katekista alisimama, akalishika somo, akatugeukia akanong'ona, “Mwalimu, umeiwasha kweli?” Mnong'ono wake ulisikika mlangoni, na akina mama wakacheka.

Miezi 11 imepita tangu siku ile. Mvua zikianza, na radi za Ufipa zinajulikana, mtoto wa mwenyekiti wa kigango ana kazi ya kuchomoa waya wa soketi kila wingu linaposimama. Ndani ya kifuniko tumebandika karatasi yenye nambari zote: rangi za nyaya saba, mizunguko 7 tuliyoiongeza, fyuzi, na nafasi ya bolti, kwa ajili ya fundi atakayelifungua sanduku hilo sisi tukiwa tumehamishiwa shule nyingine.